Kwa nini hasira hunitoa machozi badala ya maneno?

Karamu Tulivu ameuliza:

Wanajukwaa, salaam. Wiki iliyopita niliitwa kikaoni kujieleza kuhusu kosa ambalo halikuwa langu. Nilikuwa nimejiandaa, karatasi zangu nimezipanga kwa tarehe, na moyoni sikuwa na huzuni hata chembe. Nilikuwa na hasira. Nilipofungua kinywa, koo likakaba, kidevu kikaanza kutetemeka, na machozi yakanitoka kabla sijamaliza sentensi ya kwanza. Kikao kikaahirishwa kwa kunihurumia, jambo lililoniudhi zaidi, kwani sikwenda pale kutafuta huruma. Miezi michache kabla ya hapo nililia vilevile siku mdogo wangu alipofaulu mtihani, nami nilikuwa na furaha tupu. Naomba anayefahamu anieleze inakuwaje hisia zinazopingana kiasi hiki zitokee mlango mmoja.

Muuguzi wa Zamu amejibu:

Ndugu Karamu Tulivu, pole kwa yaliyokukuta. Nianze na njia ambayo machozi hupita, kwa sababu inajibu sehemu ya swali lako.

Juu ya kila jicho, upande wa nje, kuna tezi inayotengeneza machozi. Yapo machozi yanayolilowesha jicho muda wote bila sisi kujua, yapo yanayotiririka jicho linapoingiwa na moshi au mvuke wa kitunguu, na yapo haya ya hisia, ambayo chanzo chake hakipo jichoni kabisa. Sehemu za ubongo zinazoshughulikia hisia hupeleka habari kwenye haipothalamasi, sehemu ndogo ya ubongo inayoongoza kazi za mwili zisizo za hiari, amri ikashuka hadi kwenye shina la ubongo, kisha ikafuata neva ya 7 ya fuvu, yaani mshipa wa fahamu unaotoka ubongoni kwenda usoni, mpaka kwenye tezi. Neva hiyohiyo ndiyo inayoendesha misuli ya uso, kwa hiyo usishangae kidevu kutetemeka wakati uleule machozi yanapokulengalenga. Kazi hii yote hufanyika nje ya utashi wako, kama yanavyofanya mapigo ya moyo, ndiyo maana kujiambia “usilie” hakusaidii sana.

Lile donge la kooni nalo lina sababu. Mwili ukiwa katika taharuki hulipanua koo ili hewa ipite kwa wingi, ilhali kumeza mate kunataka njia ya hewa ifungwe. Misuli inavutana, nawe unahisi umekabwa. Kamasi zinazofuata, kwa sehemu kubwa, ni machozi yaliyoshuka kupitia mfereji mwembamba unaotoka kwenye kona ya ndani ya jicho hadi puani.

Msomaji Mkongwe amejibu:

Maelezo ya Muuguzi ni sahihi, ila yanatuonyesha njia tu, na mwenzetu ameuliza sababu. Mwaka 1872 Charles Darwin aliona kwamba machozi ya hisia hayana kazi maalumu, kwamba ni matokeo tu ya misuli kulibana jicho mtu anapolia kwa nguvu. Kwa heshima zote, naona hapo alikosea.

Mtazame mtoto mchanga. Katika wiki zake za kwanza hulia kwa sauti kali huku macho yakiwa makavu. Machozi huja baadaye. Sauti ni wito unaosikika mbali, na humfikia hata adui. Machozi hayana sauti, nayo huonwa na aliye karibu tu, yule anayeweza kusaidia. Mtafiti Robert Provine aliwahi kuwaonyesha watu picha za nyuso zinazolia, kisha picha zilezile zikiwa zimefutwa machozi kwa kompyuta: nyuso zile hazikuonekana tena kuwa na huzuni ileile, na nyingine zilikuwa ngumu kuzitambua zinahisi nini.

Sasa turudi kikaoni. Mtafiti wa Uholanzi, Ad Vingerhoets, husisitiza kwamba kiini cha kilio ni kujiona huna la kufanya. Wewe ulikuwa na hasira, lakini hasira hiyo haikuwa na pa kwenda: huwezi kumpigia kelele mkubwa wako, wala huwezi kuinuka ukaondoka. Kwa maoni yangu, ungekuwa unagombana na mtu wa rika lako barabarani, huenda jicho lingebaki kavu. Hata furaha ya mtihani ina kitu hicho ndani yake, kwa maana ulikuwa umebeba hofu muda mrefu, na matokeo yalipotoka hapakuwa na jambo lolote la kufanya isipokuwa kuitua.

Mama Pacha amejibu:

Naongeza dogo. Huelezwa mara nyingi kwamba kulia husafisha sumu mwilini. Dhana hiyo ilipata nguvu baada ya mtafiti wa Marekani, William Frey, katika miaka ya 1980, kuonyesha kwamba machozi ya hisia yana protini nyingi kuliko ya kitunguu. Lakini matone machache hayawezi kubeba kemikali za kutosha kubadili hali ya mwili. Nafuu hutegemea zaidi aliyekuwapo ulipolia, na wewe ulilia mbele ya watu waliokuwa wakikuhukumu.

Safari ijayo, yakianza kukulenga, toa pumzi taratibu na kwa kirefu, kisha sema waziwazi: “Haya ni machozi ya hasira, naomba niendelee.” Ila mtu akianza kulia ghafla bila kuhisi chochote, hasa baada ya kiharusi, huyo amwone daktari, hilo ni jambo jingine.

Karamu Tulivu:

Nawashukuru nyote. Msomaji Mkongwe, umenigusa penyewe: sikuwa na pa kuipeleka. Kikao kimepangwa tena Alhamisi. Sentensi ya Mama Pacha nimeiandika kwa wino mwekundu juu kabisa ya karatasi ya kwanza, na kitambaa nitakiweka mezani mapema, wakione kabla sijaanza kusema.