Hiari ya mwanadamu inaeleza maovu yote? Nijibuni kuhusu sumukuvu

Wakuu, hoja iliyoko mezani ni kwamba Mungu alitupa uhuru wa kuchagua, tukautumia vibaya, ndiyo maana kuna maovu na mateso. Lawama zetu, Yeye hahusiki.

Kwa mwizi, muuaji na anayekula hela za dawa, sina ubishi. Ila sisi wa Dodoma tunaukumbuka mwaka 2016. Chemba, Kondoa, mpaka Kiteto kule Manyara, watu walianza kutapika, matumbo yakajaa, macho yakawa ya njano. Wagonjwa 68, wengi wao watoto, 20 wakafariki. Chanzo kilikuwa sumukuvu, sumu ya ukungu kwenye mahindi. Kwenye unga huioni, na ukisonga ugali moto hauimalizi.

Sasa hapo nani alichagua nini? Mama kasonga ugali wa mahindi ya shambani kwake, mtoto kala kashiba. Najua mtasema uzembe wa kuanika na kuhifadhi. Haya, upo. Lakini ukame unaodhoofisha hindi likiwa bado shambani, ukungu ukaliwahi kabla ya mavuno, ni hiari ya nani? Na hata kama mkubwa kazembea, kwa nini alipe mtoto?

Alvin Plantinga, mwanafalsafa wa Marekani aliyeitetea sana hoja hii miaka ya 1970, aliliona pengo hilo. Akasema inawezekana hata majanga ya asili yanatokana na hiari, ila ya viumbe wengine: shetani na malaika walioasi. Kimantiki humkamati, maana kasema "inawezekana" tu. Ila huku kwetu, maneno ya "kuna aliyetaka iwe hivi" tunajua yanakoishia. Yanaanzia msibani, yanamalizikia mlangoni kwa bibi kizee mwenye macho mekundu.

(Ndugu zangu wa "yote ni kadari" msichekelee, zamu yenu inakuja na ni ngumu zaidi.)

Kwa hiyo mnaoitetea hoja, naomba jibu la swali moja, na msinirushie aya. Kama Mungu angeifanya sumukuvu iwe chungu kama shubiri, mtoto akateme tonge la kwanza, hiari ya nani ingepungua?