Shangazi anatafuta gari

Shangazi Rehema: Hamjambo wanangu. Gari langu sasa linakula oili kama linakomoa mtu. Fundi kasema injini imechoka, niliuze likiwa bado linatembea. Nataka lingine, la mkononi. Kila ninayemuuliza ana lake: huyu umeme, huyu haibridi, lile la injini ya petroli na mota ya umeme pamoja, huyu baki na petroli. Nisaidieni, ila msinipe mapenzi yenu, nipeni hesabu.

Baraka: Shikamoo shangazi. Umeme! Mimi kituo cha mafuta nakipita tu, hata kukitazama sikitazami.

Mjomba Hamisi: Na ile siku uliyonipigia umebaki na asilimia 4, unaomba nikufuate?

Baraka: 😂😂 Mjomba hiyo ilikuwa mvua na foleni. Tuendelee na mada.

Zawadi: Shikamooni. Shangazi, kabla hatujasema aina ya gari, niambie mambo matatu. Unatembea kilomita ngapi kwa mwaka? Gari unalilaza wapi, na hapo pana umeme wa kwako? Na hili jipya unataka ukae nalo muda gani?

Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu. Kilomita sijawahi kuhesabu. Naenda kazini narudi, wikiendi huku na huku. Gari linalala uwanjani chini ya ghorofa, mimi niko juu ghorofa ya nne. Na mimi gari siuzi, nakaa nalo mpaka liniombe msamaha.

Shemeji Juma: Shangazi tafuta karatasi ya sevisi ya mwaka jana. Fundi huwa anaandika kilomita. Toa na zilizopo kwenye dashibodi sasa.

Shangazi Rehema: Ngoja nishuke kwenye gari.

Shangazi Rehema: Kama 7,000 hivi.

Mjomba Hamisi: Hizo ni kilomita za petroli. Mada imefungwa.

Zawadi: Mjomba subiri kidogo, huenda uko sahihi lakini si kwa sababu unayodhani 😄

Zawadi: Chukueni magari matatu ya ukubwa mmoja, saluni ya kawaida. La petroli linakula kama lita 7 kwa kilomita 100. Haibridi kama lita 4 na nusu. La umeme linatumia uniti 17 hivi, lakini wakati wa kuchaji kuna umeme unaopotea kama joto, asilimia 10 au zaidi, kwa hiyo mita itahesabu karibu 19. Sasa bei ya lita ukiitazama peke yake haikusaidii, na ya uniti vilevile. Pima moja kwa nyingine. 7 gawanya kwa 19 unapata 0.37. Maana yake uniti ikiwa chini ya theluthi na kidogo ya bei ya lita, kila kilomita ya umeme ni rahisi kuliko ya petroli. Ukija kwenye haibridi, 4.5 gawanya kwa 19 ni kama robo. Uniti ikizidi robo ya bei ya lita, haibridi ndiyo inayotembea kwa hela kidogo. Kila mmoja achukue bei za kwake agawanye.

Mjomba Hamisi: Nimegawanya. Siwaambii nimepata nini.

Baraka: 😂😂😂

Baraka: Kwangu umeme wa nyumbani uko chini kabisa ya hiyo robo. Ndiyo maana nasema umeme.

Zawadi: Na ule wa vituo vya kuchaji haraka?

Baraka: Hapo bei ni nyingine. Uniti moja unaweza kulipia mara mbili ya nyumbani, pengine tatu. Huko naenda nikibanwa tu.

Zawadi: Basi shangazi atakuwa amebanwa kila siku. Yuko ghorofa ya nne, gari liko uwanjani. Soketi hana.

Shangazi Rehema: Siwezi kuteremsha waya dirishani?

Shemeji Juma: HAPANA. Shangazi, hapana kabisa. Waya mrefu wa kuunganisha ukibeba mzigo mkubwa kwa saa nyingi unayeyuka. Gari la umeme kwenye soketi ya kawaida linavuta kama kilowati 2 mfululizo usiku kucha. Betri ya uniti 40 ikiwa tupu hata asubuhi haijajaa. Chaja ya ukutani ya kilowati 7 inaimaliza kwa saa sita hivi, lakini inataka laini yake kutoka kwenye mita, na ufundi huo nao unalipiwa. Hiyo gharama watu huisahau wanapopiga hesabu, wanaikuta baadaye.

Shangazi Rehema: Nimekuelewa, usinipigie kelele.

Shemeji Juma: Samahani shangazi. Nimeona vilivyoungua.

Zawadi: Sasa angalieni kilomita zinavyobadilisha mambo. Shangazi kwa kilomita 7,000 anachoma lita 490 kwa petroli, 315 kwa haibridi. Anaokoa lita 175 kwa mwaka. Baraka anayebeba abiria, tuseme anatembea 50,000: petroli lita 3,500, haibridi 2,250, umeme uniti 9,500. Hata gari lake likiwa ghali zaidi kununua, hizo lita 3,500 asizonunua zinalipa tofauti upesi. Shangazi akiongeza hela nyingi ili aokoe lita 175, atazirudisha lini? Shangazi ukipewa bei mbili, chukua tofauti yake, gawanya kwa bei ya lita 175. Jibu ni miaka.

Mjomba Hamisi: Nilisema nini mimi? Petroli.

Zawadi: Ulisema mada imefungwa 😄 Kama haibridi ya mkononi inauzwa karibu sawa na ya petroli, hesabu inageuka. Na shangazi anatembea mjini, kwenye foleni, ambako ile 7 ya petroli inaweza kupanda ikafika 9 au 10. Haibridi foleni haiiumizi hivyo, gari likijikokota injini inazimika. Barabara kuu ndefu, mwendo mkali, ndipo faida yake inapopungua.

Mjomba Hamisi: Haibridi ni injini mbili, maana yake magonjwa mawili. Muulizeni Juma.

Shemeji Juma: Mjomba hapo hapana. Niliposikia mara ya kwanza nami niliamini, ila ukizifungua ni hadithi nyingine. Chukua mfumo wa Toyota, ule ulioanza na Prius 1997. Hauna stata. Hauna altaneta. Hauna klachi, na giaboksi yake si ile ya mikanda wala ya gia za kubadilisha, ni seti moja ya gia za sayari na mota mbili za umeme. Vitu vinavyoniletea wateja kila wiki kwenye petroli, mle havimo. Breki nazo zinadumu, kwa sababu ukiachia mafuta mota inageuka jenereta na kupunguza mwendo, pedi hazifanyi kazi nyingi. Oili unabadilisha kama kawaida, plagi zipo, radieta ipo, na kuna maji ya pili ya kupoza inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uendeshe mota.

Shemeji Juma: Ila mtu akinunua haibridi ya mkononi bila kuinamia kiti cha nyuma, simsaidii. Nyingi zina feni ya kupoza betri inayovuta hewa ya ndani ya gari, tundu lake liko pembeni ya kiti cha nyuma. Vumbi, nywele, manyoya ya mbwa, vyote vinaingia. Feni ikiziba betri inapikika taratibu, na mwenye gari hana habari mpaka taa iwake. Kusafisha kichujio ni kazi ndogo. Betri mpya ni hela ya kukaa chini na kufikiri.

Shangazi Rehema: Na hiyo betri ikifa?

Shemeji Juma: Ya haibridi ni ndogo, shangazi. Ile ya Prius nyingi ina uniti 1.3 tu, imeundwa na vipande 28. Kuna mafundi wanabadilisha kipande kilichokufa peke yake, ila mimi siipendi kazi hiyo, vipande vya zamani vilivyobaki vinafuata mmoja baada ya mwingine. Bora uweke seti nzima. Ya gari la umeme ni kitu kingine, uniti 40, 60, ikifa inaweza kuzidi thamani ya gari lenyewe kama gari limezeeka.

Baraka: Lakini hazifi ghafla hivyo jamani. Watengenezaji wengi wanatoa dhamana ya miaka 8 au kilomita 160,000, ikishuka chini ya asilimia 70 wanarekebisha.

Shemeji Juma: Kweli, zinashuka polepole. Ila dhamana hiyo usome vizuri, gari likinunuliwa nchi moja likaendeshwa nyingine, anayeiheshimu ni nani? Na kuna betri na betri. Nissan Leaf, gari la umeme, zile zilizoanza kutoka 2010 zina betri ya uniti 24 isiyopozwa kwa maji. Sehemu zenye joto zilichoka haraka kuliko sehemu za baridi. Uzuri wake dashibodi inakuambia ukweli: kuna vijiti 12 pembeni, vya afya ya betri. Cha kwanza kikipotea ujue asilimia 15 hivi imeondoka. Wauzaji wengine wanakupigia picha ya kila kitu isipokuwa vijiti hivyo 😂

Zawadi: Hapa nina jambo ambalo naona kila mtu analiruka. Mafuta na sevisi ndivyo tunavyoviona kwa sababu tunavitoa mfukoni kila mara. Gharama kubwa ya gari jipya ni thamani inayoporomoka, na hiyo haikuletei risiti. Hertz, ile kampuni ya kukodisha magari, Januari 2024 ilitangaza kuuza magari ya umeme kama 20,000 na ikaandika hasara ya dola milioni 245 kwa sababu ya thamani kushuka. Walilalamikia na gharama za kutengeneza yanapogongwa. Mwaka mmoja kabla, Tesla, kampuni ya magari ya umeme, ilipunguza bei za magari mapya, na jipya likishuka bei la zamani linashuka nalo. Betri zenyewe zimekuwa rahisi mno: BloombergNEF, watafiti wa mambo ya nishati, waliweka wastani wa dola 115 kwa kilowati-saa, yaani uniti moja, mwaka 2024, wakati 2010 ilizidi dola 1,000.

Mjomba Hamisi: Asante binti yangu. Baraka umesikia?

Baraka: Nimesikia. Ndiyo maana nililinunua la mkononi. Hasara alikula wa kwanza 😎

Zawadi: Na hapo Baraka ana akili. Mporomoko huo ni maumivu ya anayenunua jipya na zawadi ya anayenunua la pili. Shangazi hauzi gari, kwa hiyo yeye thamani ya kuuzia haimsumbui sana. Kwake gharama ni bei ya kununua, mafuta, na lile tatizo moja kubwa linaloweza kutokea.

Mama Zawadi: Ndiyo nafungua simu saa hizi. Mbona hamjataja haibridi ya kuchomeka, ile unayoichaji kwenye soketi? Rafiki yangu analo, anasema anapata vyote viwili.

Shemeji Juma: Shikamoo mama. Analichomeka?

Mama Zawadi: Marahaba. Sasa hilo sikumuuliza.

Zawadi: Mama, wengi hawachomeki. Tume ya Ulaya ilikusanya data kutoka kwenye magari yenyewe, ikatoa matokeo 2024: haibridi za kuchomeka zilikuwa zinatoa hewa chafu mara 3.5 ya ile iliyoandikwa kwenye karatasi zao, na mafuta ndiyo hivyo hivyo. Lisipochajiwa ni gari la petroli lililobeba betri nzito. Kwa shangazi asiye na soketi hili ndilo la kwanza kulifuta.

Mama Zawadi: Haya nimefuta.

Baraka: Lakini niseme la umeme tena kidogo, mnalionea. Hakuna oili, hakuna plagi, hakuna ekzosi, hakuna mkanda wa taimingi. Sevisi yangu ni kichujio cha hewa ya ndani na kukagua breki, basi.

Shemeji Juma: Na tairi. Mwambie na tairi.

Baraka: … Na tairi.

Shemeji Juma: Gari zito, mota inayosukuma nguvu yote tangu sekunde ya kwanza, na dereva kijana. Tairi zinaisha. Bushi za chini nazo. Na ile betri ndogo ya volti 12 bado imo, ikifa gari zima halifunguki hata kama kubwa imejaa.

Mjomba Hamisi: Bima je?

Zawadi: La umeme mara nyingi bima yake iko juu, kwa sababu likigongwa upande wa betri kulitengeneza ni ghali. Ulizia kabla ya kununua, kampuni hazifanani. Na kodi msitegemee misamaha ya leo idumu. Uingereza magari ya umeme yalianza kulipa ushuru wa barabara Aprili 2025. Hata Norwei, ambako karibu 9 kati ya kila magari 10 mapya yaliyouzwa 2024 ni ya umeme, mwaka 2023 walianza kutoza VAT kwenye sehemu ya bei iliyozidi kroni 500,000.

Shangazi Rehema: Wanangu nimewasoma wote, mengine mara mbili. Umeme nimeuacha, si kwa ubaya wake, ni kwa sababu ya soketi. Kuna haibridi moja nimeonyeshwa, na petroli moja ya umri huo huo. Nimepiga ile hesabu ya Zawadi ya lita 175, tofauti inarudi mwaka wa tatu. Mimi gari nakaa nalo zaidi ya hapo.

Zawadi: Hiyo ni nzuri. Ila weka pembeni hela ya betri kidogo kidogo kila mwezi, kwenye hizo unazookoa. Ukimaliza miaka hujaitumia, ni yako.

Mjomba Hamisi: Na la petroli lina kilomita ngapi? Naulizia mtu.

Mama Zawadi: Huyo mtu anaitwa Hamisi 😂

Shangazi Rehema: Muuza haibridi anataka nitume arubuni leo, eti kuna mteja mwingine anakuja jioni.

Shemeji Juma: Usitume hata senti. Mteja mwingine yupo kila siku. Jumamosi asubuhi nakuja na mashine ya kusomea, nisome kila kipande cha betri, nifungue kichujio cha feni, na mwambie asiliwashe kabla sijafika. Nataka kulikuta la baridi.

Shangazi Rehema: Akikataa lisipimwe?

Shemeji Juma: Basi tunaenda kuliona la mjomba.

Mjomba Hamisi: La mtu, nimesema.