Wazazi wa Mtwara na Lindi, tukiambiwa "shule imefuta ziro" tuulize kwanza: wako wapi watoto walioanza kidato cha kwanza?

Wakuu, heshima kwenu. Hasira hii ninayo tangu kikao cha tathmini ya elimu cha kata yetu, na sitaki kuendelea kuimeza. Niko Wilaya ya Newala, mzazi wa mtoto aliye kidato cha tatu kwenye sekondari ya kata. Shule siitaji kwa sababu mwanangu bado yuko mikononi mwao. Wenzangu wa Tandahimba, Nanyumbu, Ruangwa na Liwale mtayatambua haya hata bila jina.

Siku ile lilifungwa turubai, spika zikaletwa, mbuzi wakachinjwa, wakubwa wakaja na magari. Habari ilikuwa moja tu: shule imefuta ziro, yaani hakuna aliyepata divisheni ziro, watahiniwa wa kidato cha nne wamefaulu kwa asilimia mia. Vyeti vikagawiwa, kikombe kikainuliwa, akina mama wakapiga vigelegele.

Mpwa wangu ni mmoja wa hiyo asilimia mia. Ana divisheni ya nne, pointi 32. Kwa asiyejua hesabu za Baraza la Mitihani nifafanue, maana hapa ndipo tunapopigwa. Zinachukuliwa alama za masomo saba. A ni pointi moja, B mbili, C tatu, D nne, F tano. Divisheni ya nne inakwenda mpaka pointi 33. Kwa hiyo mtoto mwenye D mbili na F tano anaandikiwa kuwa amefaulu, na D yenyewe inaanzia alama 30 kwa mia. Mpwa wangu ana D tatu na F nne. Amekaa darasani miaka minne, ametoka na alama za thelathini na kitu kwenye masomo matatu, na kwenye kikao akahesabiwa kuwa ushindi wa shule.

Mama yake alifurahi sana. Akauza akiba ya korosho aliyokuwa ameweka, akampeleka kuulizia chuo. Kule wakamwambia cheti cha awali kinataka ufaulu wa masomo manne. Kilimo hapati, uuguzi hapati, na kidato cha tano hakifikiriki kabisa. Dada yangu amerudi nyumbani anauliza swali ambalo sina jibu lake: "Sasa kaka, kama amefaulu, amefaulu kwenda wapi?" Hakuna mtu aliyesimama mbele ya kile kipaza sauti akamwambia ukweli huo. Wote waliokuwa meza kuu wanaujua, kwa sababu ndiyo kazi yao.

Lakini hilo si kubwa kuliko yote. Kubwa ni watoto waliopotea.

Matokeo ya kila shule yako wazi kwenye tovuti ya Baraza, ya kidato cha nne na ya upimaji wa kidato cha pili, mwaka kwa mwaka. Nilifungua ya shule yetu. Nikatafuta ya kidato cha pili ya miaka miwili nyuma, yaani watoto wale wale, nikahesabu majina. Kisha nikahesabu waliofanya kidato cha nne. Pengo lililopo hapo katikati linajaza mkondo mzima wa darasa. Hapo bado sijagusa walioacha kabla hata ya kufika kidato cha pili.

Najua nitajibiwa kwamba wengine wamehama na wengine wamekariri kidato. Sawa, wapo, na kata ni ndogo, tunajuana. Lakini wengi wao nawaona kwa macho yangu. Wapo vijiweni na bodaboda za watu, wapo Mtwara mjini kwenye kazi za ndani, wapo mabinti wenye watoto mgongoni. Serikali ilitangaza Novemba 2021 kwamba binti aliyejifungua aruhusiwe kurudi shuleni. Nitajieni mwalimu au afisa mmoja wa kata yetu aliyepiga hodi kwenye nyumba ya binti wa namna hiyo akamwambia "rudi, kiti chako kipo". Kwenye daftari la mahudhurio wanaandikwa "mtoro sugu", kalamu inawekwa chini, na jambo limekwisha.

Na wapo walioondolewa. Jirani yangu aliitwa shuleni mtoto wake alipomaliza kidato cha tatu, akaambiwa kwa sauti ya upole kwamba kijana hana uwezo, bora ampeleke kwenye ufundi au amsajili kama mtahiniwa wa kujitegemea "asije akaumbuka". Mama wa watu hana elimu, akaona amepewa ushauri. Hakupewa ushauri. Mtoto wake alionekana ataiharibu ile asilimia, akatolewa njiani. Shule inayofuta ziro kwa kuwafuta wenye ziro imekosa hata aibu!

Tuje kwenye makambi, maana haya nayo yanasifiwa sana. Ikifika katikati ya mwaka kidato cha nne wanawekwa kambini, wazazi tunachangia unga, maharage na hela ya mpishi. Silalamikii unga, mzazi gani atamnyima mwanawe unga? Ninalolalamikia ni kwamba walimu wachache waliopo wote wanahamia huko. Huku kidato cha kwanza na cha tatu wanakaa na kiranja anayenakili notisi ubaoni kutoka kwenye daftari la kaka yake aliyemaliza mwaka juzi, pamoja na makosa yake yote. Wa kidato cha tatu mwaka unaofuata wanaingia kambini wakiwa watupu, wanakaririshwa maswali ya miaka iliyopita kwa miezi michache, na D mbili zinapatikana. Hivyo ndivyo asilimia mia inavyotengenezwa.

Daftari la fizikia la mwanangu nimelipitia ukurasa kwa ukurasa. Lina tarehe za Januari, za Februari mwanzoni, halafu ukimya mpaka Mei. Kalamu nyekundu ya mwalimu imepita mara chache za kuhesabika. Niliuliza. Mwalimu wa fizikia hakuna, yupo kijana wa kujitolea anayelipwa kwa michango yetu, na michango ikichelewa, na yeye haji. Simlaumu, naye ana tumbo. Enzi za Rais Kikwete wazazi hawa hawa walichangishwa kujenga maabara tatu kila sekondari ya kata. Majengo yapo. Moja la kwetu linatunzia meza mbovu.

Sasa naomba nijibu kitu ambacho kitaandikwa hapa chini kabla sijamaliza, maana kila uzi wa elimu ya Kusini kinaandikwa: kwamba watu wa Kusini hatupendi shule, tunapenda unyago, ngoma na korosho. Nimeichoka kauli hiyo mpaka kwenye mifupa. Watoto wa Kimakua na Kiyao walikuwa wanasoma kwenye shule za Chidya na Ndanda wakati sehemu nyingi za nchi hii hazina shule ya maana. Mzee Mkapa, kijana wa Lupaso, Masasi, alipita Ndanda kabla ya kufika Ikulu. Ni watu hao hao na ardhi hiyo hiyo. Ukimwona mzazi wa leo amekata tamaa na shule, muulize ameona nini kwa mtoto wake wa kwanza aliyerudi na D tatu. Huyo amepima shule kwa macho yake na akatoa hukumu yake. Mimi sikubaliani naye anapomtoa wa pili, ila simwiti mjinga.

Na kama tatizo ni msimu, msimu unajulikana. Minada ya korosho inafunguliwa Oktoba, mitihani ya kidato cha pili na cha nne iko hapo hapo Oktoba na Novemba. Hii haikuanza jana. Unyago nao unajulikana mwezi wake. Shule inayojali ingekaa na wazee, makungwi na viongozi wa AMCOS, vyama vyetu vya ushirika vya msingi, mapema, wakapanga. Kwetu kinachopangwa ni faini.

Mabinti wanaotoka vijiji vya mbali wanapanga vyumba karibu na shule, geto la matope, wanne kwenye chumba kimoja, wanajipikia wenyewe, bila mtu mzima wa kuwatazama usiku. Maji kwenye uwanda wa Makonde kila mtu anajua shida yake, binti anaamka alfajiri kutafuta ndoo kabla ya kutafuta daftari. Kwenye kikao kile, pale pale juu ya vigelegele, hakuna aliyetaja geto wala maji. Hilo la mabinti linaniuma kuliko yote na sitaliandika zaidi hapa.

Fedha. Tangu Januari 2016 ada imefutwa, jambo jema, sitaki mtu anibadilishie maneno. Ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa sekondari iliwekwa shilingi 25,000 kwa mwaka, na sehemu yake inabaki juu kwa ajili ya vitabu. Kwenye minada ya kwanza ya 2024 korosho ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Kwa hiyo taifa lilimpangia mtoto wa mkulima thamani ya kilo sita za korosho kwa mwaka mzima wa masomo. Mkuu wa shule anaendeshaje shule kwa hiyo? Hapo namwelewa. Lakini kama anajua haitoshi, kwa nini anasimama kwenye turubai na kutuambia mambo ni mazuri? Angesema ukweli tungemsimamia. Mzazi anayejua kwamba Hisabati haina mwalimu anaweza kupiga kelele mpaka halmashauri. Mzazi aliyeambiwa asilimia mia anarudi nyumbani kulala.

Kuhusu Hisabati, nchi nzima ni msiba, wanaofaulu kidato cha nne ni kama mmoja kati ya wanne. Fungua ukurasa wa shule yako, shuka chini kwenye jedwali la masomo, tazama mstari wa Hisabati, wa Fizikia na wa Kiingereza. Ukikuta walioandikishwa fizikia ni wachache mno kuliko wote waliofanya mtihani, jua watoto wamehamishiwa sanaa kwa sababu mwalimu hakuwepo. Kiswahili na Uraia ndivyo vinavyobeba shule nyingi za kwetu. Mtoto anatoka darasa la saba amesoma kila kitu kwa Kiswahili, Januari anapewa kozi ya awali ya Kiingereza ya wiki kadhaa, kisha anaanza biolojia kwa lugha ambayo hata mwalimu anaifundishia kwa kuchanganya. Nani anashangaa akikariri tu?

Baraza liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora kwenye matokeo yaliyotoka Januari 2023. Mimi niliunga mkono, kwa sababu shule inayochagua watoto wenye A za darasa la saba haiwezi kulinganishwa na ya kata inayopokea kila mtoto. Halmashauri zetu zikachukua mchezo ule ule zikauleta kijijini, shule ya kata ikashindanishwa na ya kata jirani, mkuu wa shule akatishiwa kuvuliwa madaraka kama ana ziro. Unategemea afanye nini? Atawatafuta wenye ziro na kuwaondoa kabla ya Novemba. Ningekuwa na nafasi ya kumwambia mkurugenzi neno, ningemwambia ambane mkuu wa shule kwa watoto aliowapoteza, tangu kidato cha kwanza mpaka cha nne, jina kwa jina, yuko wapi na kwa nini. Na kwenye ubao wa matangazo iandikwe wangapi wana C kuanzia masomo matatu, wangapi wana D nne na zaidi, wangapi wana D mbili au tatu. Hizo namba zipo, hazihitaji mradi wala semina.

NYONGEZA: Mdau mmoja amenijia pembeni ananiambia naichafua shule, walimu wanajitahidi katika mazingira magumu. Mkuu, yupo mwalimu wa Kiswahili pale anayefundisha mpaka jua linazama, anawafuata watoto majumbani, na madaftari yake yote yamesahihishwa. Namheshimu kuliko yeyote aliyekaa meza kuu siku ile. Yeye hakupewa cheti.

Nawaomba wana Kusini mliomo humu, fanyeni nilichofanya kwa shule ya kata yenu. Fungueni kidato cha pili cha mwaka wowote, kisha kidato cha nne cha miaka miwili mbele. Wekeni hapa namba mbili hizo na jina la wilaya, shule msiitaje. Zikifika nyingi nitazichapa kwenye karatasi na kuzipeleka mwenyewe kwa afisa elimu mkoa, na atakayetaka kuongozana nami toka Newala aseme humu humu.