Ruzuku ya TASAF: mkononi, kwenye simu au benki? Tunaowasaidia wazee tushauriane

Mwana_Kasulu: Wadau, habari za jioni. Walengwa wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) kijijini kwetu wametakiwa kuchagua njia ya kupokea ruzuku. Bibi yangu na majirani zake wananisubiri niwaandikishe. Tangu waingizwe kwenye mpango wa kunusuru kaya maskini, kila dirisha la malipo, yaani kila awamu ya kulipwa, ni mkutano wa kijiji: jina linaitwa, dole gumba, pesa mkononi. Bibi hajui kusoma. Kwake ipi bora?

Wakala_Uvinza: Simu, ila laini iwe ya kwake kweli. Hapa kibandani kwangu ndipo naona watu wanapokwama. Usajili wa alama za vidole ulipoanza Mei 2019, wazee wengi vidole viligoma kwa sababu ya jembe, mjukuu akasajili kwa NIDA yake, yaani kitambulisho chake cha taifa. Leo bibi anaitumia laini, lakini mwenye laini ni mtu aliyeko Dar. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa NIDA ya bibi. Halafu majina: NIDA ina matatu, daftari la TASAF lina mawili, pengine na la utani. Yasipolingana pesa inakwama. Anzeni kwa mtendaji wa kijiji na mwezeshaji wa TASAF kusahihisha jina, ndipo mje kwetu.

Binti_Urambo: Huku Tabora wakulima wa tumbaku tumezoea benki kupitia AMCOS, chama chetu cha ushirika, na kwa hela ya msimu inafaa. Ruzuku ni ndogo na inakuja kila baada ya miezi miwili. Ukipanda bodaboda hadi mjini, nauli inaimega kabla hujanunua chumvi. Benki nampendekezea tu mwenye wakala wa benki jirani.

Mzee_wa_Ujiji: Vijana, msiudharau ule mkutano. Pesa ililipwa hadharani, kila mtu alisikia jina lake na kamati ilijulikana. Kwenye simu, mjukuu anatoa usiku na bibi anaambiwa "bado haijaingia." Nimeyaona haya kwa jirani yangu, mama mjane, na yaliniuma sana. Asiye na mtu wa kuaminika nyumbani abaki mkononi.

Wakala_Uvinza: Mzee wangu shikamoo. Ni kweli kabisa, ila dawa yake ni namba ya siri. Asiyesoma maandishi mara nyingi anazijua tarakimu, kwa sababu noti anazihesabu. Mimi namwachia mzee abonyeze mwenyewe, aliyemleta namwomba asogee pembeni. Na mkononi nako kuna tabu: bibi akiugua siku ya malipo, inaanza hekaheka ya mwakilishi.

Binti_Urambo: Waelezeni pia kuhusu matapeli. Akipigiwa na mtu wa "TASAF makao makuu" anayetaka namba ya siri, akate simu, na namba hiyo itumwe 15040.

Mwana_Kasulu: Asanteni sana, na shikamoo Mzee wa Ujiji. Bibi na jirani mmoja tunaenda na simu. Yule wa tatu anaishi peke yake na macho yamefifia, nitamwombea abaki mkononi. Swali: laini ya bibi haijawekwa vocha muda mrefu, kuna shida?

Wakala_Uvinza: Ipo. Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa. Weka vocha kidogo leo, apige hata simu moja, kisha uhakikishe inapokea pesa kabla hujaiandikisha namba kwa mwezeshaji.