Kona ya kahawa kwa Mama (grupu la WANA KIBOKONI)

JUMANNE

[08:04] Zuhura: Assalam alaikum watu wa Kibokoni. Hili jambo nimelala nalo nimeamka nalo. Kila Ijumaa tukishakula wali kwa Mama watoto wajipakia kwenye tuktuk hao mpaka Nyali kunywa late, kikombe mia tatu na hamsini, watu sita, na nauli juu, Mama abaki na masahani. Naonelea tuweke kona ya kahawa pale pale nyumbani, ile nafasi ya chini ya ngazi, mashini, ya kusagia, vikombe vizuri. Kila mtu elfu nne. Tumeni kwangu

[08:05] Zuhura: Mwisho Alhamisi

[09:31] Zuhura: Tiki za buluu naziona

[10:12] Mwanaisha: 😂😂

[10:12] Zuhura: Mwanaisha kicheko si pesa

[10:40] Swaleh: Shkamoo shangazi. Mashini gani hio

[10:41] Zuhura: Marahaba mwanangu. Ngoja nikutumie

[10:41] Zuhura: 📷 Picha

[10:42] Zuhura: Elfu kumi na moja tu, na imeandikwa baa 20

[10:58] Kaka Athman: Baa ishirini ndani ya nyumba ya Mama? Hata moja hatuingizi

[10:58] Mwanaisha: 😂😂😂 Astaghfirullah

[11:00] Zuhura: Kaka hio ni nguvu ya kusukuma maji. Msinivurugie

[11:26] Swaleh: Shangazi hio 20 ni ya kuuzia tu, espreso yenyewe yataka 9. Sisi kazini twaweka gramu 18 za kahawa iliyosagwa twatoa kama gramu 36 kwenye kikombe, sekunde 25 mpaka 30, ikitoka mbio ujue umesaga chengachenga, ikitona tone tone umesaga laini mno. Kwa hivyo mwenye kazi hapo ni ya kusagia, pesa nyingi iende huko, na si ile ya visu ya kusagia bizari manake ile yakata ovyo, nusu unga nusu mchanga, maji yapita pale penye mchanga yaacha kwengine, kahawa yatoka kali na maji maji wakati mmoja. Tafuta ya meno

[11:29] Mwanaisha: Mimi gramu nazijua za dhahabu tu

[11:30] Zuhura: Sasa hio ya meno pesa ngapi

[12:50] Zuhura: Swaleh

[13:15] Swaleh: Niko kazini shangazi. Nzuri ya umeme ni bei kushinda hio mashini yako. Ya mkono ni nafuu lakini uzungushe wewe, vikombe sita mkono utakuuma

[13:16] Zuhura: Vijana wapo watazungusha

[16:47] Salim Marekani: Salaam. Mi nnayo moja huku imekaa tu haina kazi, nije nayo Disemba?

[16:48] Zuhura: Allah akubariki Salim!! Mwaona mtu mwenye moyo

[17:02] Swaleh: Ami ya huko ni volti 120, huku 240. Ukiichomeka tu pap

[17:02] Mwanaisha: Mwaikumbuka raiskuka 😭😭

[17:03] Fatma: Moshi ule! Jirani alikuja na ndoo

[17:05] Salim Marekani: Mpaka leo? Miaka yote hio

[17:05] Kaka Athman: Raiskuka haitajwi

[17:09] Mwanaisha: Na wali ulikuwa wa wageni wa posa

[17:10] Zuhura: TURUDI KWENYE MADA

[20:33] Fatma: Mimi nauliza kitu kimoja. Maji? Mfereji wa pale wapiga miluzi tu, Mama atumia ya kisima na yana chumvi, birika lake ndani lina ukoko mweupe hata ukikwangua kwa kijiko hautoki. Hio mashini si itakuwa vivyo hivyo?

[20:51] Swaleh: Tena mbaya zaidi, vijitundu vyake ni vidogo vyaziba upesi. Itabidi mnunue maji ya mtungi na muisafishe kila baada ya muda. Na maji ya chumvi hata hayatoi kahawa tamu

[20:52] Zuhura: Kila mtu aje na chupa yake ya maji. Hilo limekwisha

[20:53] Fatma: Halijakwisha

JUMATANO

[06:15] Kaka Athman: Nimeona ya jana. Chini ya ngazi kuna soketi moja na friji iko hapo hapo. Soketi yabeba ampia 13, kwa volti 240 ni wati 3120. Mashini 1350, birika la stima 2000, hapo ushapita kabla friji haijaguna. Mtu asije na ekstensheni akasema nilikuwa sijui

[06:16] Kaka Athman: Na tokeni za stima anunua nani? Mama?

[09:20] Zuhura: Mpaka sasa pesa iliyoingia ni ya Mwanaisha, mia tano. Asante Mwanaisha. Wengine mwangoja nini

[09:44] Hamza: Kwani kahawa tungu imewakosea nini? Mzee pale kona kikombe shilingi kumi, ina tangawizi, na kashata wapata

[09:46] Zuhura: Hamza wewe ukizungumza kahawa anza kwa kuregesha dele la kahawa la Baba

[09:47] Hamza: Ujumbe huu umefutwa

[09:49] Hamza: Zuhura tusianze. Lile nilipewa

[09:50] Fatma: Uliazima. Ya harusi ya Rukia

[09:53] Hamza: Sawa. Na freza tuliochanga sote iwe ya Mama iko wapi? Samaki wa nani wamo ndani? Leo elfu nne nyengine, "tumeni kwangu". Watu si wajinga ndio maana wamenyamaza

[09:54] Mwanaisha: 👀

[09:55] Zuhura: Freza ilikuwa ikipigwa shoti pale Kibokoni kila mtu ajua!!

[09:55] Kaka Athman: Mimi sijui

[11:38] Fatma: Niko kwa Mama. Nimemsomea yote, ameniambia niandike vile alivyosema nisiongeze nisipunguze

[11:41] Fatma: "Dele nilimpa Hamza mimi, kwa mkono wangu, na nyinyi mlikuwa mumelala. Asisumbuliwe. Chini ya ngazi ndipo palipokuwa kitanda cha baba yenu alipougua, hapawekwi kitu. Na hao watoto hawendi Nyali kwa kahawa, waulizeni."

[14:10] Kaka Athman: Sawa Mama

[14:11] Mwanaisha: Sawa Mama

[14:30] Zuhura: Sawa Mama

[17:22] Swaleh: Shkamooni. Mimi nilikuwa na wazo, msinikasirikie. Kuna kile kibuli cha alumini cha Italia, kampuni ya Bialetti, kimetoka 1933 na mpaka leo umbo ni lile lile. Maji chini, kahawa kati, wakiweka juu ya gesi mvuke wasukuma. Espreso kamili si hio manake nguvu yake haifiki hata baa 2 (Baba samahani) lakini ukitia maziwa mtu hatajua. Chasafishwa kwa mkono, soketi hakitaki. Maziwa wayapasha kwa sufuria mpaka nyuzi 60 hivi, usingoje yachemke, ukipita 70 ule utamu wake wapotea, kisha wayapiga kwa kile kimwiko cha betri mpaka mapovu yawe laini. Chukua maziwa yenye mafuta yake yote. Hata ule mtungi mmoja wa maji watosha Ijumaa nyingi

[17:25] Kaka Athman: Hii naielewa

[17:40] Zuhura: Ndio hivyo nilivyokuwa nasema tangu mwanzo, kona. Basi jikoni, karibu na dirisha. Swaleh njoo nacho Ijumaa tukione. Kila mtu elfu moja

[17:41] Fatma: Karibu na dirisha kuna kinu cha Mama

[17:41] Zuhura: Kitasogezwa

[17:42] Fatma: Utakisogeza wewe

[19:05] Mwanaisha: Mia tano yangu yaendelea ama niregeshewe

[21:18] Mwanaisha: Na watoto kuna aliyewauliza?

ALHAMISI

[02:13] Salim Marekani: Kwa hivyo nije nayo au nisije nayo

[07:30] Hamza: Ijumaa naja, na dele nitakuja nalo. Zuhura nikupitie na pikapu tubebe na freza?

[07:52] Zuhura: Swaleh, maziwa umesema lazima yawe ya mafuta yote ama yoyote yafaa