Naomba ushauri: wanafunzi 40 kwenye seva moja, kila mmoja aingie kwenye kontena lake

Mwalimu_wa_Maabara
Wakuu, habari za jioni. Nasimamia maabara ya kompyuta ya chuo kimoja kanda ya ziwa. Tuna seva moja ya Ubuntu 22.04 yenye RAM ya GB 32, na wanafunzi 40 wanaingia kwa SSH (njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali) kufanya mazoezi ya Python na C. Mwanzo wote walikuwa kwenye mfumo uleule. Mmoja akiandika programu inayojizalisha bila kikomo, somo linasimama kwa wote.

Nikaona niwape makontena, yaani kila mmoja chumba chake kilichotengwa ndani ya seva. Nikasakinisha Docker, zana ya kuendesha makontena, nikawaweka wote kwenye kundi la `docker`, nikaandika skripti ndogo ya kuwaingiza. Ilikwenda vizuri wiki mbili. Jumatatu kijana mmoja akanifuata ofisini: "Mwalimu, naomba nikuonyeshe kitu." Akaandika mbele yangu:

`docker run --rm -it -v /:/mwenyeji alpine chroot /mwenyeji`

Ikatokea alama ya `#`, yaani amekuwa root, mtumiaji mwenye mamlaka yote. Akafungua `/etc/shadow` na kusoma nywila zilizofumbwa za watu wote, yangu ikiwemo. Nilimshukuru kwa uaminifu wake, lakini usiku ule sikulala. Ninachotaka: mwanafunzi aandike `ssh` kama kawaida, ajikute ndani ya kontena lake, asiweze kutoka. Kuna zana ya kazi hii?

FundiMitambo
Pole sana mwalimu. Kwanza kabisa watoe kwenye lile kundi leo hii, usisubiri kesho. Kuwa kwenye kundi la `docker` ni sawasawa na kuwa root, kwa sababu daemoni ya Docker (programu inayofanya kazi nyuma ya pazia) inaendeshwa na root na inatii kila anayeifikia. Kisha badilisha nywila zote.

NyaraTz
Kuna `dockersh` ya Yelp, imeandikwa kwa Go. Unaiweka kuwa ganda la kuingilia (programu inayopokea amri za mtumiaji akishaingia) badala ya `/bin/bash`, mtumiaji akiingia inamfungulia kontena lake.

FundiMitambo
Naifahamu, dada, na wazo lake ni zuri. Ila ni ya zamani na inataka setuid ya root (ruhusa ya kuendeshwa kwa mamlaka ya root) ili iweze kuingia kwenye kontena. Kwa seva ya wanafunzi wadadisi kama huyo kijana, sitamshauri mwalimu aongeze mlango mwingine wa root. Leo tuna `podmansh`, iliyokuja na Podman 4.6 (zana ya makontena kama Docker) mwaka 2023. Podman haina daemoni ya root: kila mtumiaji anaendesha makontena yake kwa UID (namba ya mtumiaji) yake mwenyewe. Hata mtu akivunja kontena, anatokea kwenye akaunti yake ya kawaida, siyo kwa root.

Ubuntu 22.04 ina Podman 3.4, haitoshi. Panda hadi 24.04, yenye 4.9. Usipoikuta `podmansh`, unda kiungo cha jina hilo kinachoelekea `/usr/bin/podman`. Programu inajitambua kwa jina iliyoitwa nalo. Kiongeze kwenye `/etc/shells`, halafu `usermod -s /usr/bin/podmansh` kwa kila mwanafunzi. Kontena lenyewe unalieleza mara moja kwa wanafunzi wote, kwenye faili `/etc/containers/systemd/users/podmansh.container`:

```
[Container]
Image=localhost/maabara:1
ContainerName=podmansh
UserNS=keep-id
DropCapability=all
NoNewPrivileges=true
Volume=%h/data:%h
Exec=sleep infinity

[Service]
ExecStartPre=/usr/bin/mkdir -p %h/data

[Install]
WantedBy=default.target
```

Angalia mstari wa `Volume`. Kazi za mwanafunzi zinakaa kwenye folda ya `data` ya mwenyeji (seva yenyewe), kwa hiyo kontena likifutwa kazi haipotei. Faili hilo litamgusa kila anayeingia, na wewe pia, kwa hiyo kama hutaki, liweke ndani ya folda ya UID ya kila mwanafunzi.

Chelagat_E
Mimi niko Eldoret, tuliweka hii mwaka jana. Kontena peke yake halizuii mtu kula RAM yote. Tengeneza `/etc/systemd/system/user-.slice.d/50-kikomo.conf`, chini ya `[Slice]` andika `MemoryMax=700M` na `TasksMax=150`. Ile programu inayojizalisha itaishia kwa mwenyewe. Usijumlishe tu 40 mara 700 ukaridhika, mwachie pia mwenyeji nafasi ya kupumua.

Mwalimu_wa_Maabara
Asanteni sana. Nimepanda 24.04, nimejaribu na akaunti tatu. Ya kwanza inakaa kama nusu dakika halafu muunganisho unakatika.

FundiMitambo
Nusu dakika ndiyo dalili yenyewe. `podmansh` inalisubiri kontena liwe tayari kwa sekunde 30, kisha inakata tamaa. Bila shaka akaunti hiyo haina imeji (kiolezo cha kutengenezea kontena). Kila mtumiaji ana ghala lake chini ya `~/.local/share/containers`, na imeji uliyoijenga kwa root yeye haioni. Usinakili mara 40! Weka ghala moja la pamoja, mfano `/var/lib/shared`, lisomeke na wote, na ulitaje kwenye `additionalimagestores` ndani ya `/etc/containers/storage.conf`. Hakikisha pia kila mwanafunzi yumo kwenye `/etc/subuid` na `/etc/subgid` (mafaili yanayompa namba za watumiaji na makundi za kutumia ndani ya kontena), na uwapigie `loginctl enable-linger` ili makontena yawake seva inapowaka.

NyaraTz
Mwalimu, na usisahau milango ya pembeni. SSH siyo ganda tu. Kama `sshd_config` yako ina `Subsystem sftp internal-sftp`, uhamishaji wa faili haupiti kwenye kontena kabisa, mwanafunzi anatembea kwenye mafaili ya mwenyeji. Tumia `/usr/lib/openssh/sftp-server`, kwa sababu hiyo inaitwa kupitia ganda, na usakinishe `openssh-sftp-server` ndani ya imeji. Tena weka `Match Group wanafunzi` na `AllowTcpForwarding no`, la sivyo watafikia hifadhidata inayosikiliza kwenye localhost ya mwenyeji (anwani ya ndani ya seva yenyewe).

Chelagat_E
Na kerneli, kiini cha mfumo, ni moja kwa wote. Hii si mashine pepe. Sasisho la usalama la kerneli likitoka, weka siku hiyohiyo na uwashe seva upya.

Mwalimu_wa_Maabara
Wakuu, leo wameingia wote 40 kwa pamoja, somo limekwenda saa mbili bila kukwama. Yule kijana nimempa kazi ya kujaribu kutoka, ametumia alasiri nzima na bado yumo ndani. Ameniletea swali moja: ameweka ufunguo wake kwenye `~/.ssh/authorized_keys` lakini bado anaombwa nywila.

FundiMitambo
Hongera mwalimu! Nyumbani kwake ndani ya kontena ni `data` kwa mwenyeji, na sshd inatafuta ufunguo kwenye nyumba ya nje. Kwenye lile `Match` ongeza `AuthorizedKeysFile %h/data/.ssh/authorized_keys`, halafu `systemctl reload ssh`.

Mwalimu_wa_Maabara
Imekubali. Ameingia bila nywila.