Muvi za mafia na za mapenzi, mimi na mama watoto nani yuko sahihi?

Mdau wa Chikongola
Habari za jioni wadau. Nipo Mtwara mjini, hela ya korosho ilivyoingia nikavuta tv nchi 43 na sasa ndo imeleta ugomvi ndani. Mimi mtu wa mafia, nilianza na The Godfather ya 1972, mama watoto akalala hata ile harusi ya mwanzo haijaisha. Nikaweka Goodfellas, akasema hawa wanatukana kushinda makuli wa bandarini. Yeye anataka za mapenzi za kuchekesha, juzi tumeangalia When Harry Met Sally yaani saa moja na nusu watu wanaongea tuu, hakuna hata aliyepigwa risasi! Sasa hizi zinasifiwa kwa lipi, au mimi ndo mshamba?

Bi Mdogo Lindi
Kaka wewe hukuangalia, ulikuwa unasubiri bastola. Wale wawili wanakutana wanaachana miaka 12 na swali ni moja, mwanaume na mwanamke wanaweza kuwa marafiki tu yakaishia hapo? (Shangazi zetu huku walishalijibu zamani sana.) Halafu pale Meg Ryan, yule anayecheza kama Sally, analia kwa sababu aliyeachana nae anaoa, kumbe jamaa hakuwa anaikataa ndoa, alikuwa anamkataa yeye. Hilo si risasi?

kibarua_wa_wiki
Nchi 43 umeipata kwa bei gani mkuu

Mzee wa Kibanda Umiza
Mdogo wangu, nimeonyesha video Mikindani miaka mingi, ngoja nikupe hii. When Harry Met Sally ni ya 1989, kaandika Nora Ephron. Goodfellas ni ya 1990, kaandika Nicholas Pileggi pamoja na Scorsese, kutoka kwenye kitabu cha huyohuyo Pileggi. Sasa Nora na Pileggi walikuwa mke na mume! Nyumba moja, huyu mapenzi yule majambazi, na zote mbili zikaingia kugombea Oscar ya uandishi. Tena waongozaji wote wawili, Scorsese wa Goodfellas na Rob Reiner wa When Harry Met Sally, waliwaweka mama zao. Yule bibi wa Goodfellas anayewapikia majambazi kina Joe Pesci usiku huku mtu waliyempiga yuko kwenye buti la gari ni mama yake Scorsese, na yule mama wa mgahawani anayemwambia mhudumu nae aletewe alichokula Meg Ryan, ni mama yake Rob Reiner. Ila kwenye Godfather shemeji kakosea, ile harusi ndo muvi yenyewe, watu wanakula wanacheza huku ndani mzee anapokea wenye shida mmojammoja na kila anayesaidiwa anatoka na deni.

Mdau wa Chikongola
Duh hiyo ya mke na mume sikuijua kabisa. Nimemsomea mama watoto, kanyamaza kidogo halafu kaniuliza, kwahiyo huyo Nora nae alikuwa analala ya mwenzie ikianza? @kibarua njoo inbox.